Siku Kumi na Mbili za Tope na Mizani

Chuo kikuu kinapoamua kufikia usawa wa kaboni, yaani kutobakiza matoleo yasiyofidiwa, kazi kubwa imo ndani ya uzio wake: umeme wa majengo, jenereta, majiko ya mabweni, magari, gesi za viyoyozi, safari za ndege za watafiti. Hayo yakishapunguzwa hubaki kiasi kisichokwisha, na hapo macho hugeukia msitu. Simulizi hii inafuata safari ya majaribio ya kupima kaboni kwenye mikoko, siku kwa siku, kama timu ya watu sita inavyoiendesha. Msitu wa mfano ni wa hekta 20, na chuo cha mfano hutoa tani 6,000 za kaboni dayoksaidi (CO2) kwa mwaka.

Mhasibu wa kaboni huuliza jambo moja tu: mle msituni mna tani ngapi? Safari hupangwa ili ijibu na swali ambalo hakuliuliza: zinaingia ngapi kila mwaka?

Siku ya kwanza: mwezi na ghala

Safari ya mikoko haipangwi kwa kalenda ya ofisini, hupangwa kwa mwezi. Siku ya kwanza ya kukanyaga tope iwe siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, bamvua likiwa limeshika. Maji hupwa mbali, na ukingo wa bahari ambao siku za maji mafu haukauki vizuri hubaki wazi kwa saa kadhaa. Kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo upande wa bahari hupimwa kwanza, wa bara mwisho. Anayegeuza mpangilio huu hujikuta siku ya tano anatafuta mizizi kwa kupapasa ndani ya maji.

Ghalani, chombo cha kwanza kukaguliwa ni keekee ya udongo ya nusu bomba: chuma chenye umbo la bomba lililopasuliwa kwa urefu, pamoja na vipande vya kuungia hadi kifike mita 3. Nusu kipenyo chake hupimwa kwa kalipa mahali patatu, kwa sababu chuma hulika. Ukiandika sentimita 2.6 na kweli yake ni 2.5, ujazo wa kila sampuli umezidishwa kwa asilimia 8 kabla hujatoka chuoni, na kosa hilo halitaonekana popote baadaye.

Vingine: tepu mbili za kipenyo, tepu ya mita 50, dira, GPS, visu viwili bapa, rifraktomita ya kupimia chumvi, sirinji zenye mpira mwembamba, mbao nne za kukanyagia, kasha la barafu, karatasi zisizolowa na penseli. Kalamu ya wino ibaki nyumbani. Mistari miwili ya vipimo, kila mmoja na duara 6, kila duara na tabaka 5 za udongo, ni sampuli 60. Chukua mifuko 80 na uiandike lebo zote leo, mezani, mikono ikiwa mikavu. Lebo ya pili, iliyoandikwa kwa penseli kwenye kipande cha plastiki, huingia ndani ya mfuko. Za nje hufutika kwenye barafu.

Siku ya pili: miti ya ukingoni (kupwa saa nne asubuhi)

Mstari huanza pale mikoko inapokutana na maji na kuelekea bara kwa pembe mraba. Vitovu vya duara hupishana mita 25, nusu kipenyo ni mita 7. Duara moja ni mita za mraba 154. Leo hupimwa duara nne za nje za kila mstari.

Tepu ikipitishwa juu ya mizizi mikongojo hupinda, na mita 7 za tepu zinakuwa mita 6.7 za ardhi. Duara limepungua kwa asilimia 8, na miti yake pia. Dawa ni kuivuta tepu usawa wa kifua, imekaza, mtu mmoja akiwa kitovuni asiyesogea. Mti wa mpakani huhesabiwa ikiwa katikati ya shina iko ndani; matawi na mizizi haihusiki.

Mchu, mlilana na muia hupimwa kipenyo mita 1.3 kutoka usoni mwa tope. Mchu una tabia ya kugawanyika chini, hivyo kila shina hupimwa na kuandikwa peke yake. Mkoko wenyewe, ule wa mikongojo, una kanuni yake: sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Wageni hupima mita 1.3 kwa mazoea na kuizungushia tepu mizizi mitatu pamoja na shina. Miti ya chini ya sentimita 5 hupimwa ndani ya duara dogo la mita 2 tu.

Kwa nini kubishana na sentimita? Mlinganyo wa Komiyama na wenzake wa mwaka 2005, unaotumika sana kwa mikoko, unasema uzito mkavu wa juu ya ardhi ni 0.251 mara msongamano wa mbao mara kipenyo kilichopandishwa kipeo cha 2.46. Mti wa sentimita 15 wenye mbao za msongamano wa 0.8 una kilo 157. Ukisomwa 16, unakuwa na kilo 184. Sentimita moja imezaa asilimia 17. Mizizi ina mlinganyo wake, na kwa mti huo hutoa kilo 66 hivi. Msongamano wa mbao utafutwe kwa kila aina ya mti. Wastani mmoja kwa msitu mzima ni uvivu unaogharimu.

Kabla maji hayajarudi, pete za msingi za vyumba vya gesi, makopo ya kunasia gesi itokayo topeni, huzamishwa topeni sentimita 5 hadi 10 na kuachwa. Zitahitajika keshokutwa, na tope lililotikiswa linahitaji muda wa kutulia.

Siku ya tatu: udongo (kupwa saa tano kasoro dakika kumi)

Hii ndiyo siku ya safari. Utafiti wa mwaka 2011 katika misitu 25 ya mikoko ya Indo-Pasifiki ulipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta, na kati ya asilimia 49 na 98 ya hiyo ilikuwa udongoni. Mtu akipima miti kwa siku nne na udongo kwa asubuhi moja, amepima kivuli akaacha mtu.

Kila kituo huanza kwa kudunga fimbo ya chuma mahali patatu hadi igonge mchanga mgumu, tumbawe au mwamba, au hadi mita 3. Kina hicho huandikwa kabla ya jambo lolote, kwa sababu tabaka la mwisho huhesabiwa kwa kina chake halisi. Kuchukulia kwamba kila mahali ni mita 3 ni kujaza karatasi tope lisilokuwepo.

Keekee hushindiliwa wima kwa uzito wa mwili, bila kuzungushwa. Ikifika kina kinachotakiwa huzungushwa kuelekea kulia mara mbili tatu ili ikate, kisha huvutwa polepole huku ikiendelea kugeuzwa kidogo. Tope likinyonya, usilivute kwa pupa. Sehemu ya chini ya sampuli hubaki shimoni. Ikitoka, hulazwa juu ya ubao, na uso wake hukatwa kwa kisu bapa kutoka katikati kwenda pembeni, usipakwe kutoka juu kwenda chini, maana tope la juu litachafua la chini.

Tabaka ni sentimita 0–15, 15–30, 30–50, 50–100, na 100 hadi mwisho. Katikati ya kila tabaka hukatwa kipande cha sentimita 5. Kwa keekee ya nusu kipenyo cha 2.6, kipande hicho ni sentimita za ujazo 53. Kisu kikiteleza ukakata 4.5 ukaandika 5, umepoteza asilimia 10 ya kaboni ya tabaka hilo, nalo tabaka linaweza kuwa la mita nzima.

Mambo yanayoharibika ni yale yale kila safari. Mzizi unaziba mdomo wa keekee na chuma kinasukuma tope badala ya kulikata: hama hatua moja, anza upya. Keekee haikujaa: mwaga, rudia. Kamwe usijazie kwa mkono, hata jua likiwa kali na maji yanarudi. Tabaka la juu ni tepetepe na huporomoka, kwa hiyo wengi hulichukua peke yake kwa bomba fupi lenye makali.

Wapo wanaotumia bomba refu la plastiki au alumini kwa safu nzima. Ni haraka, ila hubana udongo. Bomba likizama sentimita 100 na ndani tope likasimama sentimita 88, kigawo cha mbano ni 0.88. Asiyekitumia, akachukua msongamano uliobanwa na kuuzidisha kwa sentimita 100 kamili, ameongeza kaboni kwa karibu asilimia 14. Kipimo cha ndani na cha nje huchukuliwa bomba likiwa bado ardhini; likishang'olewa tope huteleza na ushahidi umekwenda.

Shimo lililobaki hujaa maji. Yale ya kwanza hutolewa, yanayorudi hunyonywa kwa sirinji kutoka sentimita 30 na tone hutiwa kwenye rifraktomita. Namba hii ndogo ya chumvi ndiyo itakayoamua jambo kubwa siku ya kumi na mbili.

Keekee mbili, vituo vinne kila moja, ni kazi ya kupwa kote. Mifuko hutolewa hewa, hufungwa na kuingia barafuni.

Siku ya nne: vyumba vya gesi (kupwa saa tano na dakika arobaini)

Msitu hunyonya kwa majani na kutoa kwa tope. Methani, gesi inayopasha joto kuliko CO2, ndiyo ya kuangaliwa. Maji ya bahari huja na salfeti, na bakteria wanaoitumia huwapokonya chakula wale wanaotengeneza methani. Ndiyo maana mikoko ya maji ya chumvi hutoa kidogo sana, na ile ya midomo ya mito hutoa nyingi.

Chumba, yaani kopo kubwa lenye kipenyo cha sentimita 30, feni ndogo na tundu la mpira, huwekwa juu ya pete. Gesi huvutwa kwa sirinji dakika ya 0, 10, 20 na 30 na kusukumwa ndani ya vichupa vilivyotolewa hewa. Ikipanda kwa mstari ulionyooka, sawa. Ikiruka ghafla dakika ya 10 kisha ikatulia, kuna mtu alikanyaga karibu na kiputo kikatoka. Kila kituo kina mbao zake, na aliyeko juu ya ubao habadilishi mguu hadi dakika ya 30. Ikishuka, chumba kinavuja, mara nyingi kupitia tundu la kaa lililopita chini ya pete. Tundu hilo lisizibwe. Nalo ni sehemu ya msitu. Pete ndiyo inayohamishwa, na kipimo hurudiwa siku nyingine.

Siku moja ya gesi haiwi mwaka. Mvua huleta maji baridi na chumvi hushuka. Kazi ya leo ni kujua pa kurudi kila mwezi, zaidi ya kupata wastani.

Siku ya tano: upande wa bara (kupwa saa sita na nusu)

Duara mbili za ndani za kila mstari, miti na udongo kwa pamoja. Mikandaa na michu mifupi, tope gumu, chumvi kali. Miti iliyodumaa haiingii kwenye mlinganyo wa siku ya pili. Hupimwa urefu na upana wa kilele, kwa mlinganyo wake. Udongo mara nyingi huishia kabla ya mita moja. Kazi ni nyepesi, jua ni kali.

Siku ya sita: nguzo (kupwa saa saba na dakika ishirini)

Hapa ndipo swali ambalo mhasibu hakuliuliza linapoanza kujibiwa. Vyuma vya pua vinavyofungamana kwa skrubu hupigwa ardhini kimoja juu ya kingine hadi vigome kabisa; mita 10 au 20 si ajabu. Kichwa cha nguzo hufungwa kwa zege ndani ya bomba fupi. Siku ya kusoma, mkono wa chuma hukaa juu yake na pini 9 hushushwa hadi ziguse uso wa tope, kwa pande nne. Ni masomo 36, kwa milimita.

Kando yake hunyunyizwa unga mweupe wa felspa, unene wa karibu sentimita moja, kwenye mraba wa sentimita 50. Mwaka ujao ukikata kipande cha tope, mstari mweupe utaonyesha kiasi kilicholala juu yake. Nguzo inasema uso umepanda au umeshuka. Felspa inasema kimeingia kiasi gani. Zikitofautiana, tope la chini linajikandamiza au mizizi inavimba, na hapo ndipo wataalamu hupata la kuzungumza.

Usisome leo. Ardhi imeumizwa, ipewe miezi kadhaa. Na asikanyage mtu ndani ya mita moja na nusu ya nguzo, leo wala milele. Unyayo mmoja ni sentimita nyingi kwenye kazi ya milimita.

Njia ya pili ya kupata kasi ya tope kulimbikizana ni risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, inayopungua kwa nusu kila baada ya takriban miaka 22 na kusoma karne moja hivi nyuma. Kaa wakichimba huchanganya tabaka, mchoro wa risasi hiyo kwa kina unanyooka kama fimbo, na umri hausomeki. Safu moja ya akiba huchukuliwa kwa ajili hiyo, mbali na matundu.

Siku ya saba hadi ya kumi: oveni

Mafuta ya boti huandikwa kabla ya kushusha mizigo. Lita 80 za petroli kwa kilo 2.3 za CO2 kila lita ni kilo 184, na zinaingia kwenye hesabu ya chuo kama za gari lolote.

Sampuli huwekwa kwenye sahani za alumini zilizopimwa uzito zikiwa tupu, oveni nyuzi 60. Nyuzi 105 za maabara za ujenzi ni za haraka ila hupoteza sehemu ya mboji, na kilichopotea ndicho kilichofuatwa. Saa 48 ni mwanzo tu. Hupimwa, hurudishwa, hupimwa tena hadi uzito usibadilike. Tope zito hupasuliwa vipande siku ya pili, la sivyo linakauka ganda na kubaki bichi moyoni. Sampuli ya kabla ya kupozwa isipimwe; hewa ya moto huinua sahani ya mizani na namba inadanganya.

Gramu 26.5 kavu kwa sentimita za ujazo 53 ni msongamano wa 0.5. Hesabu hii hufanywa papo hapo, kwa sababu namba ya ajabu leo bado inaweza kuchunguzwa, mwezi ujao haiwezi.

Siku ya kumi na moja: kinu, asidi, tanuri

Mizizi mikubwa hai hutolewa, kwa kuwa imeshahesabiwa pamoja na miti. Udongo husagwa kinuni hadi uwe unga. Tone la asidi ya hidrokloriki likitoa povu, kuna magamba na chembe za tumbawe. Hiyo ni kaboni, lakini haikutoka angani kwa njia ya jani. Huondolewa kwa asidi hadi povu liishe. Sampuli iliyotiwa asidi huingia kwenye mashine ya kuchoma na kupima kaboni ikiwa ndani ya kikopo cha fedha, maana asidi hula vya bati.

Asiye na mashine huchoma kwenye tanuri la nyuzi 450 kwa saa 4 hadi 8 na kupima kilichopungua. Kilichopungua ni mboji yote, si kaboni pekee, hivyo sampuli chache hupelekwa kwenye mashine ili kupata uwiano wa msitu huo. Kuazima uwiano wa msitu mwingine ni kuazima viatu vya mtu kwa safari ndefu.

Siku ya kumi na mbili: hesabu

Msongamano mara sehemu ya kaboni mara unene wa tabaka. Msongamano wa 0.5, kaboni asilimia 8, tabaka la sentimita 50: gramu 2 kwa sentimita ya mraba, yaani tani 200 kwa hekta. Hujumlishwa tabaka kwa tabaka, kisha miti, mizizi na magogo yaliyolala.

Tuseme mistari miwili imetoa wastani wa tani 600, na mkengeuko kati yao ni 90. Wengi huhesabu duara 12 kama vipimo 12 huru. Si kweli, duara za mstari mmoja ni ndugu. Vipimo ni viwili, kigawo cha t, namba ya takwimu inayokuwa kubwa vipimo vikiwa vichache, kwa uhakika wa asilimia 95 ni 12.7, na jibu ni 600 kuongeza au kutoa 808. Namba hiyo haifai kupelekwa popote. Faida yake ni kupanga: ili kosa liwe asilimia 10, inahitajika mistari 12 hivi. Hiyo ndiyo safari ya pili.

Hata hivyo chukua 600 kama ilivyo. Kwa hekta 20 ni tani 12,000 za kaboni. Zidisha kwa 44 na kugawanya kwa 12, ni tani 44,000 za CO2. Mhasibu anatabasamu: miaka saba ya chuo imefutwa. Haikufutwa hata siku moja. Tani hizo zilikuwa ardhini kabla chuo hakijawasha taa. Ni akiba, na akiba hailipi deni la mwezi kwa kuangaliwa tu.

Kinacholipa ni nyongeza. Mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, wa mwaka 2013 kuhusu ardhi oevu unatoa, kwa udongo wa mikoko iliyorejeshewa maji, tani 1.62 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, sawa na 5.94 za CO2. Hekta 20 ni tani 119: asilimia 2 ya tani 6,000. Ili kuzifunika zote kwa udongo, zinahitajika hekta zipatazo 1,010. Miti michanga huongeza yake, na hiyo hupimwa kwa kurudi kwenye duara zile zile. Tena tani hizo 119 ni za chuo ikiwa tu zisingeingia bila kazi yake. Msitu uliokuwa umesimama salama hauna cha kumpa mtu.

Sasa ile namba ya chumvi. Mwongozo huo huo unaweka mpaka kwenye sehemu 18 kwa elfu. Juu yake methani huhesabiwa sifuri. Chini yake ni kilo 193.7 kwa hekta kwa mwaka. Kilo ya methani ikihesabiwa kupasha joto mara 27 ya kilo ya CO2, hizo ni sawa na tani 5.2 za CO2. Toa kwenye 5.94, zinabaki 0.7. Vituo vya ndani vilivyo karibu na maji baridi hutengwa kwa hesabu yake, na vyumba vya gesi hurudi huko kila mwezi.

Kwenye kitabu cha chuo huandikwa mistari mitatu isiyochanganywa: akiba pamoja na kosa lake, nyongeza ya muda kwa namba ya mwongozo, na kilo 184 za boti upande wa matoleo. Nafasi ya nyongeza halisi huachwa wazi. Nguzo zitasomwa mara ya kwanza baada ya miezi sita, kwenye bamvua, na mtu yule yule atakayezisoma kila mwaka, kwa kuwa mikono miwili haishushi pini sawasawa.